Waya Uliobaki Ndani ya Kufuli

Kasulu,
Jumapili, 2 Februari 2025

Kaka Stani,

Kabla sijakusalimu, maana nikianza na salamu nitaghairi: kuna kipande cha waya kimekwama ndani ya kufuli la sanduku la Bibi, na aliyekivunja ni mimi. Hakuna mtu anayejua. Hata padri sijamwambia. Jana nilipanga foleni ya kitubio mpaka wakabaki watu wawili mbele yangu, nikatoka nikaenda kufua soksi ambazo zilikuwa safi.

Sasa shikamoo kaka. Mimi ni mzima. Mvua ya huku inanyesha kila siku saa nane, sare hazikauki, tunazivaa mbichi na zinakaukia mwilini. Kidato cha Tatu si mchezo, kila kitu ni Kiingereza hadi ndoto. Magimbi aliyonipa Bibi yaliisha siku ya pili, wenzangu wana pua kali. Barua hii usimsomee. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie salamu.

Naandika yote, hata unayoyajua, kwa sababu nikiruka moja nitaruka mengi.

Ulipoweka lile gemu la ngao na mapanga kwenye kompyuta ya ofisini kwako, likizo ya Desemba, uliniita nikutafsirie. "Njoo msomi, hawa wazungu wa zamani wanabwabwaja nini?" Wewe ulitaka vita. Mimi vita sikuvipenda, na vile vijiji vyao sikuvipenda pia, kila mtu anakusimamisha akuulize unatoka wapi. Hata kwenye gemu naona aibu kuongea na watu. Ndipo nikayagundua makufuli. Kufuli halikuulizi jina.

Unakumbuka linavyokuwa: tundu linajaa kioo kizima, chini bisibisi, juu ule waya mwembamba. Unasogeza kipanya kidogo, kama mtu anayemgusa aliyelala, halafu unajaribu kugeuza. Likitetemeka, unaacha upesi. Likikubali kidogo, umekaribia. Mwanzoni nilivunja waya ishirini kwa kijisanduku cha wakulima. Krismasi ilipofika nilikuwa nimefikisha kiwango cha mia, mwisho kabisa, nafungua milango ya ngome, masanduku ya wafalme, bila hata kutazama vizuri. Wateja wako waliokuja kuwekewa nyimbo walisimama nyuma yangu. Yule mama wa maandazi akasema, "Stani, huyu mdogo wako mtamtoa polisi." Wewe ukacheka ukaniita Bingwa. Kaka, hakuna aliyewahi kuniita bingwa wa kitu chochote. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimenyoosha shingo.

Sanduku la Bibi unalijua. La mama yao, yeye na mdogo wake Bibi Jeanne, walilolibeba kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, Bibi akiwa binti na Bibi Jeanne mtoto. Bibi akaolewa na babu huko Kibondo. Bibi Jeanne akarudi Burundi, akakimbia tena, akaishi kambini Mtendeli. Kambi ilipofungwa akawa anarudi tena Burundi, wakagombania sanduku: nani akae nalo. Mwisho wakanunua kufuli sokoni, wakalifunga pamoja, sanduku likabaki kwa Bibi na ufunguo ukaenda na Bibi Jeanne. Walikubaliana litafunguliwa siku wakiwa wamekaa wote wawili, si kabla.

Na mimi nalala chumba kilekile na hilo sanduku tangu nikiwa darasa la sita.

Tarehe 29 Desemba, Jumapili, Bibi alienda misa, nikasema tumbo linauma. Nilichukua waya wa ule mwavuli mbovu, nikausugua kwenye jiwe la kunolea mpaka ukawa mwembamba. Bisibisi ilikuwa yako. Sikutaka kuchukua kitu, naapa. Nilitaka kusikia likikubali, basi. Nikasogeza, nikageuza, nikasogeza. Kufuli la kweli halitetemeki, kaka. Halikuambii chochote. Nikaona nimekaribia, nikakaza, nikasikia tik. Waya ukarudi mkononi mfupi.

Kwenye gemu waya ukivunjika unatoweka, unapewa mwingine, na kona ya kioo wanakuandikia umebakiza ngapi. Mimi nilikaa pale kama dakika nzima nikisubiri utoweke. Nilitikisa, nikapuliza, nikachokoa kwa sindano. Ukazidi kwenda ndani.

Halafu nikaona alama za vidole vyangu kwenye vumbi la mfuniko. Nikachukua kitambaa nikafuta sanduku lote. Bibi aliporudi akasimama mlangoni na rozari yake, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, unaumwa na bado umenifutia sanduku la mama?" Akanipa kipande cha mua.

Siku naondoka kuja shule, Bibi akaniambia kwa furaha kwamba Bibi Jeanne anakuja Pasaka, na ufunguo. Nilikuwa nimeshapanda gari. Ningeweza kushuka.

Wewe una vile vibano vidogo vya kutengenezea simu. Tafadhali kaka, kabla ya Pasaka, siku Bibi hayupo, kitoe. Na usijilaumu kwa lolote. Hukunituma. Nilijituma.

Mdogo wako,
Ndayikeza


Kibondo,
Jumanne, 11 Machi 2025

Mdogo wangu Keza,

Marahaba. Barua yako ilichelewa. Khatibu badala ya kuja moja kwa moja na vitenge vyake alipitia Kigoma kwenye harusi ya mpwa wake, akakaa huko mpaka pilau ikaisha. Usimlaumu, anabeba barua zetu bure.

Sisi hatujambo. Maharage yametoa maua ila mvua imezidi, bonde lote la chini majani yamekuwa ya njano. Presha ya Bibi ilipanda kidogo, tukaenda hospitali, wakampa vidonge, anavimeza akivitukana. Mbuzi yule mweupe amezaa mapacha, mmoja nimempa jina la mwalimu wenu wa hesabu, maana analia bila sababu.

Ile kompyuta ya ofisini nimeiuza kwa mtu wa Kakonko. Ilikuwa inachemka sana. Gemu limeondoka nayo. Kazi ya nyimbo nayo inakufa, siku hizi kila mtu anajishushia mwenyewe kwenye simu.

Uliyoyaandika nimeyasoma. Wewe kazana na masomo. Kiingereza ndicho kitakachokutoa, umeona mwenyewe.

Nimekutumia sabuni mbili na kalamu. Ukikosa kitu mwambie Khatibu.

Kaka yako,
Stanislaus


Kasulu,
Jumapili, 23 Machi 2025

Kaka Stani,

Shikamoo. Sabuni nimepata, ahsante, moja nimeshaibiwa. Mwambie mtoto wa mbuzi kwamba mwalimu mwenye jina lake ametupa jaribio nikapata arobaini na moja.

Kaka, umeniandikia maharage, umeniandikia presha, umeniandikia mbuzi na mapacha. Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta neno kufuli. Halimo. "Uliyoyaandika nimeyasoma" ni sentensi ya mtu mzima anayemfungia mtoto mlango polepole ili usilie. Kama umekitoa, niambie nimekitoa. Kama kimeshindikana, niambie kimeshindikana. Pasaka ni wiki nne kutoka leo.

Na mbona umemwuza yule... nilitaka kuandika umemwuza rafiki yangu. Ni mashine tu, najua.

Acha nikuambie kilichotokea huku. Jumatano Shadia, yule wa kitanda cha juu yangu, alipoteza ufunguo wa tranka lake. Ndani kulikuwa na daftari zote na kesho yake jaribio. Bweni zima likajaa wataalamu. Mmoja kaleta pini, mwingine kaleta kijiko.

"Wewe Keza," Shadia akasema, "si uliniambia wewe ni bingwa wa makufuli kwenye gemu?"

Kumbe nilimwambia, siku ya kwanza kabisa kufika Januari, gemu tu, waya sikuutaja. Wote wakageuka. Unajua ninavyokuwa nikitazamwa na watu kumi.

"Kwenye gemu ni uongo," nikasema.

"Jaribu basi, uongo si utaonekana?"

"Siwezi."

"Hawezi au hataki? Anaringa huyu. Kimya chake chote kumbe ni maringo," mwenye kijiko akasema.

Nikatoka nje. Matroni Asia alikuja na msumeno wa chuma, akakata kufuli kwa dakika tatu, akatuambia, "Kufuli la elfu mbili linawaliza hivi? Nunueni jingine." Bweni likapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya matangi ya maji, nikiwaza kwamba kufuli la Bibi nalo lilinunuliwa sokoni Kibondo, pengine kwa bei hiyohiyo, na kwamba hakuna msumeno wa kulikata bila kumwambia mtu kwa nini linakatwa.

Kwenye gemu nilikuwa nahifadhi nilipofikia kabla ya kila kufuli. Likiharibika, narudi palepale kabla sijaligusa, na mlinzi hajaniona, na waya zangu zote ninazo. Hilo sikuwahi kukuambia. Uliniita Bingwa na mimi nilikuwa narudi nyuma mara thelathini kwa mlango mmoja.

Niandikie ukweli. Na niambie Bibi Jeanne atafika tarehe ngapi.

Ndayikeza


Kibondo,
Alhamisi, 8 Mei 2025

Keza,

Natumaini mzima. Huku wazima, tunavuna kilichobaki. Bibi anakusalimu, anasema umekonda hata kabla hajakuona.

Pasaka imepita na sikukuandikia. Khatibu alikuja ofisini mara tatu kuuliza kama nina mzigo wa Kasulu, nikamwambia sina. Mara ya tatu akaniambia, "Stani, wewe una barua kichwani, shusha." Nashusha.

Bibi Jeanne hakungoja Pasaka. Alipata mtu wa kumvusha mpakani Mabamba, akafika tarehe 27 Februari saa nne asubuhi, ana kikapu na mvua yote mgongoni. Barua yako nilikuwa nimeipata tarehe 25. Ilikuwa mfukoni mwangu, Keza. Siku mbili nilikuwa nayo na sikwenda na vibano, nikijua Pasaka bado iko mbali.

Bibi alichinja kuku. Wakala kidogo tu, hawakuweza kusubiri. Wakatandika mkeka, wakakaa huyu upande huu wa sanduku na huyu upande ule, wakasali. Mimi nikaitwa nisimame na tochi kwa sababu kile chumba ni cha giza. Bibi Jeanne akafungua kitambaa kiunoni, akatoa ufunguo umefungwa uzi mwekundu. Aliuchomeka. Ukaingia nusu ukagoma.

Bibi akacheka. "Umezeeka mpaka ufunguo wako umesahau njia."

Bibi Jeanne naye akacheka, akaupuliza, akaupaka mafuta ya kuku kutoka kwenye kidole. Ukagoma. Akajaribu mpaka kucha ikakatika.

"Kufuli hili si lile," akasema.

"Lipi tena? Ufunguo huo ndio si wenyewe."

"Mimi niliyelala nao kiunoni miaka yote hii?"

"Na mimi niliyelala na sanduku?"

"Ndiyo, wewe uliyelala nalo. Umelifungua ukaweka kufuli jingine."

"Umepoteza ufunguo Jeanne, ukaokota wa barabarani, ukaja kunifanyia maigizo mbele ya vitu vya mama. Mwongo wewe."

Nilikuwa nimeshika tochi. Ningesema neno moja lingetosha. Nikauacha mwanga ukateleza ukutani, Bibi akanikemea, "Shika vizuri hiyo taa!" Nikashika vizuri.

Halafu Bibi Jeanne akaanza kuongea Kirundi polepole, kama anayesoma. Akasema: "Wewe ulipata uraia. Ulipata mume mwenye shamba, nyumba, wajukuu wanaosoma Kiingereza. Mimi katika vitu vyote nilipata ufunguo. Leo hata huo unanidanganya." Akauweka juu ya mfuniko. "Baki navyo vyote."

Alilala sebuleni na viatu miguuni. Asubuhi akaondoka bila chai. Tangu siku hiyo Bibi hampigii, na namba ya mjukuu wa Bibi Jeanne ikipiga Bibi anaigeuza simu kifudifudi.

Kesho yake Bibi alipokwenda shambani nilichukua vibano. Ilinichukua dakika tano. Kipande chenyewe hakifiki urefu wa punje ya mchele. Nikachomeka ufunguo. Unaingia laini kabisa. Sikuugeuza, nikauchomoa, nikaurudisha pale alipouacha. Mpaka leo upo hapohapo juu ya mfuniko. Bibi haugusi. Akifuta vumbi anauzunguka.

Nimekuwa nikijiambia nilinyamaza kwa ajili yako, una masomo. Si kweli. Umeniandikia hukunituma, nilijituma. Unanifichia. Nakumbuka nilichosema, na wewe unakumbuka. Ilikuwa Ijumaa, ofisini, watu wamejaa, wewe umefungua mlango wa mwisho wa ile ngome. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Huyu bingwa wa kwenye kioo tu, hata sanduku la bibi yake limemshinda." Watu wakacheka. Wewe hukucheka, ulitazama kipanya. Na Jumamosi ukaniomba bisibisi ndogo, sikuuliza ya nini. Nilijua ya nini. Kompyuta haikuwa inachemka, niliiuza nisiione tena.

Sasa nisikilize. Usimwambie Bibi. Presha yake haijatulia na daktari kakataza mishtuko. Watu wazima hugombana na hurudiana. Nami Jumatatu nahamia huko kwenu Heru Juu, rafiki yangu Felisiani kanipatia kazi ya kufunga sola. Tutakuwa tumepishana tu, wewe likizo unakuja huku, mimi niko huko.

Nisamehe kwa tochi.

Stanislaus


Kasulu,
Jumapili, 18 Mei 2025

Kaka Stani,

Shikamoo, na karibu Heru Juu. Ni mwendo wa bodaboda kutoka hapa shuleni lakini Jumapili ya kutembelewa ni moja tu na imepita, kwa hiyo hii nayo inapitia kwa Khatibu kama vile bado uko mbali.

Barua yako niliisomea chooni. Maneno ya Ijumaa ile nayakumbuka. Uliyasema, ndiyo. Lakini Jumamosi nzima ilipita katikati na mkono ni wangu.

Unasema nisimwambie. Kaka, Bibi anaamini mdogo wake ni mwongo. Bibi Jeanne anaamini dada yake ni mwizi. Wana miaka sitini na kitu. Wakingoja warudiane wenyewe, watarudiana lini? Na kila siku inayopita ni deni langu, mimi ndiye ninayewanyang'anya. Ningekuwa na ujasiri wa kuongea ningeomba ruhusa leo. Sina. Tarehe 6 Juni tunafunga shule. Nitamwambia. Naandika hapa ili uwepo ushahidi, maana najijua.

Mdogo wako,
Keza


Kibondo,
Jumamosi, 14 Juni 2025

Kaka Stani,

Shikamoo. Nimefika salama tangu Jumamosi iliyopita. Mbuzi mwalimu wa hesabu ameota pembe. Ofisi yako kapanga fundi cherehani. Bibi anameza vidonge vyake na bado anavitukana, na jana alipimwa, presha imeshuka, nimeona karatasi kwa macho yangu. Nakuandikia hilo kwanza usije ukadhani nimemwua.

Siku ya kwanza sikumwambia. Ya pili sikumwambia. Ya tatu nilifika mpaka "Bibi, kuna kitu," akasema "chumvi ipo kwenye kopo la bluu," nikaenda kuleta chumvi. Usiku wote saba nimelala ubavu mmoja nikilipa sanduku mgongo.

Leo asubuhi tulikuwa uani tunachambua maharage kwenye ungo. Nilisema nikiwa nimeinamia maharage. Nilisema yote kwa Kiswahili, halafu nikaona kama sijasema, nikayasema tena kwa Kirundi, vibaya vibaya, kwa maneno ya kitoto niliyonayo. Gemu nilishindwa kabisa kulieleza. Nilisema ni mchezo ambao unasifiwa kwa kufungua vya watu.

Bibi aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe moja, la pili, akayaweka kando. Nilisubiri kofi. Ningelipenda hilo kofi.

Akasema, "Kwa hiyo Jeanne hakudanganya."

"Hakudanganya, Bibi."

"Nilimwita mwongo juu ya mkeka wa sala." Akatoa jiwe la tatu. "Mtoto wa mama yangu. Alikuja na mvua mgongoni." Halafu akanitazama. "Na wewe ulikula mua wangu."

Kaka, hapo ndipo nililia. Yeye hakulia. Aliinuka akaenda chumbani. Aliporudi alikuwa na daftari langu na kalamu. Alisema jirani yetu Nsengimana anavuka Mabamba Jumatatu, anapita mpaka kijijini kwa Jeanne, kwa hiyo barua iandikwe leo. Simu hataki, anasema kwenye simu watu hukatana maneno.

"Andika," akasema. "Jeanne, mdogo wangu. Kufuli niliharibu mimi."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Bibi, ni mimi."

"Nani kakuuliza? Andika. Niliharibu mimi. Tamaa ilinishika nikataka kufungua peke yangu, waya ukanivunjikia ndani. Nikaona aibu, nikakusingizia."

"Lakini si kweli, Bibi."

"Jeanne akisikia ni wewe atakuchukia. Namjua. Mtu wa nje ya tumbo letu hamsamehi, na wewe kwake ni mtoto wa Waha, watu wa babu yako. Atasema ndiyo nyumba niliyoilea, wezi wanaosoma. Nikiwa mimi, atanikasirikia mwezi, atatukana, halafu atakumbuka kwamba hana dada mwingine." Akapeperusha maganda kwenye ungo. "Na si uongo mtupu. Unajua jioni ngapi nimekaa kitandani nikilitazama lile kufuli? Nilishika hata shoka siku moja. Wewe ulifanya nililoliwaza. Andika."

Nikaandika. Mwandiko wangu mzuri kabisa, ule wa mtihani. Mwisho akaniambia niandike kwamba ufunguo upo juu ya mfuniko, haujaguswa, na kwamba hatakula kuku mpaka yeye arudi. Akaniambia nimsomee. Nilimsomea. Akasema, "Vizuri. Niandalie bahasha, nakwenda kuwasha moto."

Nilidhani nikisema nitapumzika. Sikujua kwamba mtu anaweza kukupokea kosa lako mkononi akalivaa yeye, na wewe ndiye unayemshonea vifungo. Bibi Jeanne atasomewa na mjukuu wake, na kuanzia siku hiyo mpaka wazikane dada yake atakuwa mwizi wa vitu vya mama yao. Atamsamehe, labda. Lakini atamsamehe kwa kitu ambacho hakukifanya.

Kwa hiyo tangu aende jikoni nimeandika karatasi nyingine. Ni ya kwangu kwenda kwa Bibi Jeanne. Mistari tisa tu. Jina langu, tarehe, waya wa mwavuli, na kwamba Bibi anasema uongo kwa ajili yangu na kwamba yeye asimwambie Bibi kuwa anajua. Nimeiandika kwa Kirundi cha makosa ili asije akadhani kuna mtu mzima aliyeniandikia. Wewe sikukutaja.

Nimeshafanya kitu kimoja nyuma ya mgongo wa Bibi katika nyumba hii. Hiki ni cha pili, naye ameninyima ruhusa waziwazi. Nimejaribu kuwaza ungesema nini. Ungesema niache. Au ungeshika tochi. Samahani, sikupaswa kuandika hivyo, lakini kalamu ni ya wino.

Nimekunja karatasi ya Bibi mara tatu. Ya kwangu nimeilaza ndani yake, nimebana kwa kiganja na kuikalia kidogo ili ziwe kama moja, kisha nimezitia kwenye bahasha. Bibi hajui kusoma, ila vitu anavijua kwa vidole. Maharage mabovu huyatoa bila kutazama.

Moshi umepungua. Nasikia kandambili zake, zimetoka jikoni, ziko uani, ile ya kushoto inaburuza. Sasa ziko kibarazani.

"Keza! Umemaliza? Ilete niishike kabla hujaibandika."

Hii yako naisukuma chini ya mkeka, kaka. Bahasha iko wazi mkononi mwangu